Tuliondoe Neno "Ili": Mazungumzo ya Jumamosi Mjini Kisumu

Nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha nne, walimu wao na wazazi, katika ukumbi mmoja hapa Kisumu. Waliokosa kufika waliniomba niandike niliyoyasema. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimeacha vichekesho viwili ambavyo bila sauti havichekeshi.

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wazazi, wazee wetu mliokaa mbele, na nyinyi wanangu wa kidato cha nne mliolazimishwa kuja shuleni hadi Jumamosi: hamjambo. Wazee, oimore.

Nianze na aibu yangu. Juzi juzi nilikuwa kwenye kibanda cha samaki kule ufuoni. Nimeletewa ngege mzima, ugali na sukuma. Jamaa niliyekuwa naye akachomoa hadithi ya mkutano wa ukoo wao, nami nikacheka tonge likiwa bado kooni. Nikapaliwa. Si kupaliwa kwa kukohoa mara mbili basi. Macho yalinitoka, machozi yakamwagika, kofia ikaanguka kwenye bakuli la supu. Mama mwenye kibanda akanitwanga mgongoni kwa kiganja kama anayepasua kuni, tonge likatoka, naye akasema kwa utulivu kabisa, "Mwalimu, kuna mtu anakusengenya mahali."

Sasa mimi nimefundisha baiolojia miaka 26, kwanza Nakuru, halafu huku. Mchoro wa koo naweza kuuchora ubaoni nikiwa nimefumba macho. Lakini siku ile, nikipangusa kofia, nilijiuliza swali ambalo sijawahi kulitungia mtihani: ni nani aliyepanga njia ya hewa na njia ya chakula zikutane kooni? Hewa inaingia puani, juu, na inaelekea kwenye bomba la mbele. Chakula kinaingia mdomoni, chini, na kinaelekea kwenye bomba la nyuma. Kwa hiyo lazima zipishane, na kinachotulinda ni kifuniko kidogo cha nyama kinachopaswa kufunga kila tukimeza, maisha yetu yote, bila kukosea. Fundi wa mabomba akija kwako Milimani akapitisha bomba la maji safi na la maji taka kwenye kiungo kimoja, akaweka kipande cha mpira katikati na kukwambia "usijali, kitafunga," utamlipa?

Jibu la swali langu liko humu ziwani, na ni samaki aitwaye kamongo.

Kamongo ana mapafu. Mvuvi yeyote hapa atakwambia anakuja juu kuvuta pumzi. Na mapafu yake, kama yangu na yako, yalianza kama kifuko kilichochomoza kutoka upande wa chini wa koo la chakula. Mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita kulikuwa na samaki walioishi kwenye maji yenye hewa kidogo. Samaki hawa walikuwa wakigugumia hewa juu ya maji kwa mdomo, na aliyekuwa na kifuko cha kuihifadhi aliishi zaidi ya mwenzake. Pua wakati huo ilikuwa ya kunusa tu, iko juu ya mdomo, haikuwa na kazi na pumzi. Baadaye sana, katika ukoo uliotoka majini, pua ikapewa kazi ya kupitisha hewa. Lakini pua ilikwisha kuwa juu, na kifuko kilikwisha kuwa chini, na katikati yao kulikuwa na njia ya chakula. Hakuna aliyekaa kikao. Kila hatua ilifaa siku ilipotokea, na mimi nimekuja kulipa deni hilo kwenye kibanda cha samaki.

Hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha. Wanangu, mkiulizwa kwenye mtihani mageuko ya viumbe ni nini, mnaandika: "Viumbe hubadilika ili viendane na mazingira yao." Nami kwa miaka 26 nimeweka alama ya vema, tena kwa wino mwekundu unaong'aa. Leo nimekuja kuomba radhi. Kosa liko kwenye neno moja dogo: ili. Twiga alirefusha shingo ili afikie majani. Samaki akaota mapafu ili atoke majini. Mkiweka "ili", mmeweka mtu anayepanga, anayeona mbele, mwenye ramani. Mchujo wa maumbile hauna ramani. Viumbe huzaliwa wakitofautiana kidogo, na baadhi huacha watoto wengi kuliko wengine kwa kuwa tofauti yao iliwasaidia mahali pale, wakati ule. Ni "kwa kuwa". Si "ili".

Naona mchungaji mstari wa pili amekunja mikono. Mchungaji, sikuja kubishana na Mwanzo. Nimekuja kubishana na kitabu changu cha maandalio ya somo.

Tumchukue huyo twiga. Wale wa Nakuru tunawajua twiga wa mbuga ya Ziwa Nakuru, wenye miguu kama waliovaa soksi nyeupe. Walihamishiwa pale miaka ya 1970 kutoka upande wa Soy, karibu na Eldoret. Shingo ya twiga ina pingili saba. Hesabu zako: saba. Za panya: saba. Kila pingili ya twiga imerefuka, lakini ya nane haikuongezwa. Na hilo ni jambo dogo. Ndani ya shingo ile kuna neva inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye kikoromeo, pale sauti inapotengenezwa. Umbali wa moja kwa moja haufiki hata nusu mita. Lakini neva hii haiendi moja kwa moja. Inashuka shingo yote mpaka kifuani, inapita chini ya mshipa mkubwa wa damu ulio karibu na moyo, inageuka, na kupanda shingo yote tena hadi kwenye kikoromeo. Kwa twiga mkubwa safari hiyo inazidi mita 4.

Kwa nini? Fikirini mbuzi. Umemfunga mbuzi kwa kamba, na kamba imepita nyuma ya mti. Leo mbuzi yuko hatua moja kutoka kwenye mti, haidhuru. Kesho majani yameisha, unamsogeza hatua moja, unaongeza kamba kidogo. Keshokutwa hivyo hivyo. Baada ya mwaka mbuzi yuko ng'ambo ya shamba, na kamba bado inazunguka ule mti. Mpita njia atakucheka: si ungefungua kamba uipitishe huku? Lakini siku gani? Kila siku, kuongeza hatua moja ya kamba ni rahisi kuliko kufungua, na ukifungua mbuzi anatoroka. Kwa samaki wa kale, ambaye hana shingo, neva ile ilipita nyuma ya mshipa wa damu wa matamvua na kwenda moja kwa moja. Moyo uliposhuka kifuani na shingo ikarefuka, neva ilikuwa imeshanaswa nyuma ya mshipa. Ikaongezwa kamba. Hakukuwa na kizazi hata kimoja ambacho kingeweza kuikata, kuipitisha upya, na bado kuishi.

Na msimcheke twiga. Sisi pia tunayo, ile ya kushoto inazunguka mshipa mkuu wa damu kifuani mwako sasa hivi. Ndiyo maana mtu akipotewa na sauti kwa wiki nyingi bila mafua, daktari makini hataishia kumwangalia koo. Atataka kuona na kifua.

Tusimame kidogo, tujaribu jambo kwa mikono. Wote, hata wazee. Nyosheni mikono yote miwili mbele, ngumi mmefunga, vidole gumba vimesimama juu, vimegusana. Fumba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia tazama ukucha wa gumba la kushoto, na usiliachie. Sasa sogeza mkono wa kulia polepole kuelekea kulia, sawasawa, bila kuupandisha. Macho yabaki kwenye gumba la kushoto! Karibu sentimita 15 hivi... naona mama pale amesema "Yawa!" Kichwa cha gumba kimepotea. Endelea kusogeza, kitarudi.

Hujarogwa. Nyuzi zinazopeleka habari kutoka kwenye jicho lako zimepita mbele ya utando unaopokea mwanga, upande wa mwanga unakotokea, kwa hiyo lazima zitoboe utando huo mahali fulani ili zitoke nyuma kwenda kwenye ubongo. Kwenye tundu hilo huoni kitu. Pweza wa Mombasa hana tatizo hilo. Nyuzi zake zimepita nyuma, kama fundi yeyote wa kamera angefanya. Jicho lake lilianza kwa njia nyingine. Sisi tuna ubongo unaoziba pengo kwa kubahatisha, na unabahatisha vizuri kiasi kwamba umefika umri wako huo bila kujua kuna shimo. Na mkisoma sentensi yangu ya hapo juu mtaona nimetumia "ili" mwenyewe. Ni neno gumu kuliacha.

Sasa nije kwenye damu, na hapa naomba tutulie, kwa sababu humu ndani najua kuna familia zinazoguswa.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyelelewa kwenye shamba la baba yake Gilgil, kule kwetu Nakuru. Aliitwa Anthony Allison. Mwaka 1949, akiwa anasomea udaktari Uingereza, alirudi Kenya na msafara wa kisayansi, akazunguka akipima damu za watu. Akaona jambo. Watu wenye jeni ya selimundu, ile tunayoiita mtaani sikoseli, walikuwa wengi pwani na wengi huku kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya 20 kati ya kila 100. Lakini ukipanda milimani, au ukienda kwenye nchi kame, hawafiki hata mmoja kwa mia. Mtu wa Gilgil aliyekulia kwenye baridi na kushuka ziwani hakosi kugundua tofauti nyingine kati ya sehemu hizo: mbu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mtu mwenye nakala moja ya jeni hiyo ana kinga fulani dhidi ya malaria.

Nakala moja tu, nasisitiza. Kila mmoja wetu amepokea nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ukipata moja ya selimundu na moja ya kawaida, unaishi maisha yako, na utotoni malaria kali haikuui kirahisi. Ukipata zote mbili za selimundu, seli nyekundu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa ambayo wewe mzazi huwezi kuyashika. Kwa wazazi wawili wenye nakala moja moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto huyo.

Sasa niambieni, hilo linaendana na mazingira? Nimeliuliza swali hili darasani mara nyingi na darasa huwa linanyamaza. Kwa watoto waliopona malaria kwa ajili yake, ndiyo. Kwa yule wa nne, hapana. Ni badiliko la herufi moja tu kwenye jeni inayotengeneza himoglobini. Halikuja kwa sababu malaria ilikuwapo. Makosa ya kunakili hutokea tu. Likabaki kwa kuwa, pale palipo na malaria, waliokuwa nalo moja walizika watoto wachache. Mchujo haukuuliza kama dawa ni nzuri. Uliuliza tu kama ni nafuu kuliko kukosa dawa, na gharama ikaachiwa mtoto ambaye hakuuliza. Mimi nikisikia watu wakisema maumbile ni mama mwenye hekima, namkumbuka mwanafunzi wangu mmoja aliyekuwa akikosa mtihani kila muhula, nanyamaza.

Na jeni haijui umehama. Familia ikitoka Nyando ikahamia Molo, kwenye ukungu na viazi, damu yao imekwenda nayo. Wajukuu watazaliwa mahali ambapo malaria si tishio kama huku, wakiwa bado wanalipia kinga ambayo hawaihitaji.

Turudi ziwani. Ziwa letu ni changa ajabu. Miaka takriban 15,000 iliyopita lilikuwa limekauka. Tangu maji yarudi, fulu, wale samaki wetu wadogo, waligawanyika wakawa mamia ya aina, wengine wanasema zaidi ya 500. Mmoja alikuwa na meno ya kukwangua mwani, mwingine taya la kuvunja konokono, mwingine kazi yake ilikuwa kuwanyang'anya mama wengine mayai na vifaranga kutoka mdomoni. Ukitaka kuona kiumbe kilichokaa sawasawa na mazingira yake, ni fulu. Halafu miaka ya 1950 mbuta, yaani sangara, akaletwa. Miaka ya 1980 akafurika. Inakadiriwa aina 200 hivi za fulu zilitoweka, na bibi zetu waliowakausha fulu juani sasa wanasimulia tu. Taya zile nzuri zilikuwa za ziwa la jana. Uchafu wa maji na upungufu wa hewa ulichangia pia, tusimbebeshe mbuta mzigo wote. Mbuta mwenyewe hapatani na maji yasiyo na hewa.

Lakini kuna fulu mmoja mdogo, wa upande wa Mwanza, aliyepungua hadi karibu kwisha halafu akarudi. Watafiti walipolinganisha wa zamani na wa sasa, wakakuta matamvua yake yamekuwa makubwa kwa zaidi ya nusu. Vizuri, hewa imekuwa haba, mwenye matamvua makubwa ndiye aliyebaki. Ila kichwa cha samaki ni kama chumba kimoja cha kupanga kule Nyalenda. Ukiingiza kochi kubwa, kitanda lazima kisogezwe. Jicho la fulu huyo limekuwa dogo. Huwezi kuongeza bila kubana. Je, samaki huyo sasa ameendana na mazingira? Matamvua yameendana. Kamuulize na jicho.

Omena, yaani dagaa wa ziwani, ninyi mnawajua kuliko mimi. Simama Dunga usiku wa giza, mwezi haujatoka, utaona taa zimetapakaa ziwani utadhani kuna mji mwingine huko. Zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Wadudu wanaifuata taa, omena wanafuata, wavu unapandishwa. Kwa muda wote ambao omena amekuwapo, mwanga wa usiku ulitoka juu, kwa mwezi na nyota, na kuufuata hakukuwa na hatari. Karabai ni ya juzi. Vivyo hivyo na mimi na soda na mandazi: ulimi wangu ulitengenezwa na mababu ambao utamu waliupata kwa bahati, kwenye tunda au mzinga. Daktari amenikanya mara tatu.

Kuhusu heroe wa Ziwa Nakuru nitasema kidogo tu, saa inakimbia. Mdomo wake ni chujio la ajabu la kunasia mwani mdogo wa maji ya magadi. Tangu miaka ya 2010 ziwa limejaa, magadi yamezimuka, mwani ule umepungua. Chujio liko pale pale. Heroe amefungasha akaenda Bogoria na kwingineko. Ana bahati ana mabawa. Fulu hakuwa nayo.

Mwalimu mkuu ananionyesha saa. Maswali basi.

(Yalikuja mengi. Ninayakumbuka mawili.)

Mzee mmoja, mvuvi, alisimama na kusema: "Mwalimu, umemsifu kamongo. Lakini akinaswa kwenye nyavu zilizo chini na hawezi kupanda, tunamkuta amekufa. Samaki anakufaje maji?" Nikamwambia, mzee, hilo ndilo somo langu lote na umelisema kwa sentensi mbili. Mapafu yalipomfaa, matamvua yake yalidhoofika, na sasa matamvua peke yake hayamtoshi. Mzee akaketi, akamwambia jirani yake kwa Kiluo kitu ambacho kiliwachekesha wa mstari wa mbele. Bado sijaambiwa ni nini.

La pili alilileta mama mmoja nje, kwenye chai, kwa sauti ya chini. Binti yake alipimwa chuoni akaambiwa ana nakala moja ya selimundu, na kuna kijana wa Siaya anakuja kujitambulisha Desemba. Akauliza kama avunje uchumba. Nikamwambia asivunje kitu. Kijana naye apimwe kwanza, ni damu kidogo tu. Kama yeye hana, hakuna mtoto wao atakayepata nakala mbili. Kama anayo, wakae wote wawili na mshauri wa hospitali waelezwe hesabu ile ya moja kati ya nne, kisha waamue wenyewe. Akaniuliza kipimo hicho ni cha kusubiri siku ngapi, maana Desemba si mbali. Nikamwambia aende Jumatatu akaulize.